Ua la Kakao Liko Ng'ambo ya Songwe

Siyo mvua, Sekela. Mchana uliponiuliza tena, umepiga magoti mbele ya sanduku, picha tisa zimeviringishwa kando yako, nikakujibu huku nimekupa mgongo kwamba huenda ni ile mvua iliyovuja pale kona. Ukaacha kufunga sanduku. Kisha ukasema, "Mama, mvua gani hiyo inayochagua picha moja na kuacha tisa kavu?" Nami nikaenda kukoroga maharage ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Sasa uko Mwaya kumuaga bibi yako, nami nimekaa hapa mlangoni na daftari, niandike kabla mwanga haujaisha. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya mto wako. Isome kabla hujalala, maana basi lako ni la alfajiri, na kuna mtu mmoja katika nyumba hii ambaye hupaswi kuondoka bila kumwamkia. Wiki tatu humwamkii. Unapita mbele yake na ndoo kama unapita mbele ya mgomba, naye anasema "Ugonile, mama," kila asubuhi, kisha anajijibu mwenyewe kimoyomoyo.

Picha ya kakao haikuloa, haikuliwa na panya, na mume wangu Ambakisye hakuipoteza alipohamisha vyombo vyako ulipokuwa Mbeya, paa lilipovuja. Naijua ilipo. Nimeijua siku zote. Mimi ndiye niliyeitoa.

Haya, nimeandika. Mengine yote ambayo mama humwandikia binti anayekwenda Dar es Salaam, ule nini, umwogope nani, ufunge mlango saa ngapi, nayaacha. Una miaka ishirini na mbili na una akili kuliko niliyokuwa nayo mimi nilipokuzaa. Nataka nikueleze nilivyofanya, na ili uelewe, inabidi kwanza nikueleze furaha yangu, kwa sababu kosa hili limetoka ndani ya furaha kabisa.

Mwanangu, mama yako anapendwa! Niache niseme, sina mwingine wa kumwambia, wanawake wa kanisani wameshanichoka. Nina miaka arobaini na mitatu na ninaimba nikiosha masufuria. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka minne, na tangu hapo nilijua kazi yangu ni udongo, mtumbwi, gulio la Matema, na wewe. Sikuwaza kitu kingine. Halafu akatokea mtu huyu mrefu mwenye kucheka kwa mabega, Jumamosi tatu mfululizo, akisimama mbele ya vyungu vyangu.

"Mama, nipe chungu."

"Cha wali au cha mboga?"

"Chochote."

"Jumamosi iliyopita umechukua cha wali. Ile ya kabla yake umechukua cha mboga. Kwako kuna msiba au kuna harusi?"

"Bado sijajua," akasema. "Namsubiri mwenye vyungu aniambie ni lipi kati ya hayo mawili."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha mfuniko. Mimi nilikasirika, nikamwuzia chungu chenye ufa. Mpaka leo ameking'ang'ania, kiko pale chini ya kitanda, anaweka ndani yake betri za tochi na karatasi zake. Mwanamume anayetunza chungu chenye ufa kwa sababu ulimkasirikia! Miezi mitatu tangu tufunge ndoa, na bado nikisikia baiskeli yake kwenye njia ya kakao napangusa mikono kwenye kanga kama msichana.

Nakuambia haya usinione mjinga. Au nione, lakini ujue mwanamke aliyefanya lile jambo alikuwa katika hali gani.

Unakumbuka siku nilipokwenda kuwaamkia wakwe kwa mara ya kwanza, ng'ambo ya mto Songwe? Wewe ulikuwa Mbeya, umekwenda kununua rangi. Nilikuwa nimetayarisha mchele, mkungu wa ndizi, na chungu kikubwa nilichokifinyanga mwenyewe kule kwetu Ikombe, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, nimekipaka mistari ya chokaa shingoni. Kwao, na kwetu pia, bibi harusi haendi mara ya kwanza bila kazi ya mikono yake. Na mimi ni mwanamke wa Ikombe. Wangetarajia nini kutoka kwangu kama si chungu?

Asubuhi ile tulipokuwa tunakifunga kwenye pikipiki, kamba ikateleza. Nilisikia mlio wake kabla sijakiona. Vipande vitano. Dereva akasema, "Pole, mama, twende na ndizi," na Ambakisye alikuwa ametangulia mpakani. Nikarudi ndani mbio. Nilizunguka chumba kizima nikitafuta kitu ambacho kingesema nimetoka kwa watu wenye mikono. Na pale ukutani kwako ilikuwepo picha ya kakao.

Sekela, unajua ninavyoipenda ile picha. Tulipohamia hapa Ngana ulikuwa umenuna, hukutaka nyumba ya mtu mwingine, ukashinda nyuma kule kwenye miti yake. Nikadhani unalia. Kumbe ulikuwa umekaa chini umelitazama shina. Mimi nimeishi Kyela maisha yangu yote na sikuwa najua kwamba kakao hutoa ua kwenye gome la shina lenyewe, dogo kama ukucha wa mtoto, jeupe lenye wekundu kwa ndani. Wewe ukalichora kubwa kama sinia. Shina lile jeusi na maua yale yakichomoza kama yanapumua. Ambakisye alisimama mbele yake muda mrefu, akasema, "Mti wangu huu? Huu huu?" Ukamjibu, "Kwani una mwingine?" Yeye akacheka kwa mabega, na mimi nikaona hata wewe unataka kucheka.

Hiyo ndiyo niliyoiviringisha kwenye kanga nikapanda nayo pikipiki. Nilijiambia utaelewa. Nilijiambia utachora nyingine.

Kule nikapokewa kwa vigelegele. Unajua desturi ya kule kwao bado ni kali: mkamwana haonani na baba mkwe. Akitokea upande huu, wewe unakwenda upande ule. Kwa hiyo nilikaa uani na mama mkwe na wifi yangu Lugano, na mzee alikuwa ndani kitandani, miguu haimbebi tena. Nikafungua kanga. Mama mkwe akaweka kiganja chake juu ya ua moja, polepole, kama anayelipima joto.

"Mkamwana," akasema, "hii ni kazi ya mikono yako?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nakuapia ilikuwa ndefu, ningeweza kusema hapana mara tatu. Nikasema, "Ndaga, mama," nikashukuru kama kazi ni yangu.

Lugano akaruka. "Kaka yangu kaoa mikono! Wewe wifi, na vyungu, na hivi tena? Unalala saa ngapi?" Nami nikacheka, nikainamisha kichwa kama mwenye haya.

Wakaipeleka ndani kwa mzee. Nikasikia sauti yake kupitia dirishani, sauti ya mtu ambaye hajaongea sana siku hiyo. "Nimepanda kakao tangu kijana. Nimevuna, nimechachua, nimeanika. Ua lake sijawahi kulitazama. Mwambieni mkamwana ndaga fijo. Mwambieni iwekwe hapa, nikilala niione."

Nikaipokea ile shukrani. Ilikuwa yako na nikaimeza yote. Ambakisye alikuwa mbele na wanaume, hakusikia chochote. Alichojua ni kwamba nimebeba picha yako moja kwenye kanga, akadhani umenipa mwenyewe niwapelekee.

Siku mbili baada ya wewe kurudi kutoka Mbeya, yule mama mwenye nyumba ya maonyesho ya picha kule Dar es Salaam akakupigia simu. Uliweka sauti ya juu ili nami nisikie. Ameziona picha zako zote ulizozituma kwa simu. Anakutaka. Miezi sita ya kufanya kazi hapo kwake, na wachoraji wenye majina, na mwishoni onyesho. Uje na picha kumi. "Lakini ile ya kakao," akasema, "hiyo ndiyo imenifanya nikupigie. Hiyo itakaa ukuta wa mlangoni, mtu akiingia aione kwanza." Ukanirukia shingoni. Ulinuka rangi. Na mimi nilikuwa nimeganda kama nguzo, na wewe ukadhani ni furaha.

Mengine umeyaona mwenyewe. Ulivyopekua nyumba. Ulivyoshusha hata magunia ya mpunga. Ulivyojaribu kuichora upya mara mbili, na mara mbili ukaipaka nyeupe yote, ukasema, "Sioni tena, Mama. Nikiitazama naona ile iliyopotea." Ulivyompigia yule mama ukamwambia zipo tisa, naye akasema uje tu, ila ukuta wa mlangoni atausubirisha mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo atampa mwingine. Na ile jioni ulipomgeukia Ambakisye mezani.

"Wewe ndiye uliyehamisha vitu vyangu. Ilikuwa kazi yako wewe."

Akanitazama mimi. Ndipo alipoelewa, pale pale, kijiko mkononi, kwamba unayoitafuta ndiyo iliyo kwao. Nikaangalia sahani. Akasema, "Pole sana, mama. Nitaitafuta." Akaichukua aibu yangu akaivaa kama koti lake mwenyewe. Baadaye uani akaniambia, hakufoka, afadhali angefoka: "Bibi harusi, hili nitakubebea. Lakini usiniache nalo mpaka mtoto aondoke. Akiondoka akiwa hivi, hatarudi katika nyumba hii."

Wiki tatu nimemwacha nalo. Kila jioni nasema kesho.

Nimejiuliza sana kwa nini nilikubali kusifiwa kwa kazi yako, maana mimi si mwizi, unanijua. Nadhani lilianza zamani. Ulikuwa na miaka saba, tuko Ikombe, nimekupa chokaa kidogo na kijiti upake mistari kwenye chungu kidogo. Nikageuka kutazama moto. Niliporudi hapakuwa na mistari. Kulikuwa na ua, la yungiyungi, na jani lake limelala juu ya maji, na wewe umetoa ulimi nje kwa kujitahidi. Wanawake wakacheka. "Hicho cha kupikia au cha kuvaa kichwani?" Nikaona aibu. Nikachukua kitambaa kibichi nikalifuta. Mara moja tu, shwaa. Hukulia. Ukanitazama tu, kisha ukapaka mistari.

Nilikufundisha hivyo. Vyungu vya Ikombe havina jina la mtu. Vinafika gulioni ni vya Ikombe, basi, hakuna anayeuliza nani alikaa na udongo huo magotini. Mimi nilikulia humo na sikuona ubaya. Kwa hiyo ulipoanza kuchora kwa mabaki ya rangi ya yule fundi seremala wa Kyela, maua kwenye milango ya makabati, na watu wakaanza kusema makabati ya fundi fulani yana maua mazuri, mimi nilifurahi. Sikuona kwamba hakuna aliyesema Sekela. Ulipopamba kuta za ukumbi wa harusi kwa wiki nzima na mwenye ukumbi akapigwa picha mbele yake, nilikuambia usilalamike. Ulipochora kwenye viroba vya mchele kwa sababu hapakuwa na kitambaa, ukajifunza mwenyewe kwa simu yenye kioo kilichopasuka jinsi ya kuchanganya kijani kisife, ukaandika jina lako pembeni kwa mara ya kwanza, nani alikuambia ulifute, kwamba ni majivuno? Mimi. Ulilifuta. Na tangu hapo huandiki.

Kama jina lako lingekuwa kwenye ile picha, mama mkwe asingeuliza swali lake, nami nisingepata nafasi ya kudanganya. Mimi ndiye niliyekufutia jina, halafu mimi ndiye niliyeitumia ile sehemu tupu.

Sikuombi unisamehe usiku huu. Umechoka, na una haki ya kukasirika ndani ya basi njia nzima mpaka Dar. Nakuomba mawili. La kwanza umeshalijua, mwamkie baba yako mlezi. Huna haja ya kumwita baba. Mwamkie tu kama mtu ambaye hakukukosea. Amekaa kule nyuma sasa hivi anakuchongea kibomba cha mwanzi cha kuwekea picha zisikunjike safarini. Amekipima mara sita. Anadhani sijamwona.

La pili liko kando ya barua hii: kopo dogo la rangi nyekundu na brashi yako nyembamba. Kabla hujaziingiza zile tisa kwenye mwanzi, zifungue. Andika jina lako. Siyo nyuma, siyo kwa penseli. Andika jina nililokupa.

Na ile ya kumi. Ambakisye amesema, "Nitakwenda mimi, nitawaambia palitokea makosa, yataisha." Nimekataa. Angenifunika tena, na mimi ningekaa chini ya hilo koti mpaka nizeeke. Nililisema mwenyewe, nitalikanusha mwenyewe. Ila siwezi kwenda kuomba kitu nikiwa mikono mitupu kwa watu ambao niliwadanganya juu ya mikono yangu. Kwa hiyo Jumatatu navuka ziwa kwenda Ikombe. Nitafinyanga chungu kingine, kikubwa kama kile kilichovunjika. Kikauke kivulini bila kuharakishwa, kichomwe, nikikague. Siku zinatosha kama mvua haitanichelewesha, na zinatosha kwa shida. Safari hii nitakibeba mapajani, pikipiki iende kwa mwendo wa miguu.

Nikifika, nitasimama uani chini ya lile dirisha. Mimi siruhusiwi kuzungumza na mzee, kwa hiyo Lugano atasimama kati yetu, nitasema neno, naye atalirudia. Nimeshayapanga. Chungu hiki ndicho kazi ya mikono yangu. Picha ile ni kazi ya mwanangu, anaitwa Sekela, hakunipa, nilichukua. Namwomba mzee aniazime picha iliyo mbele ya kitanda chake, ikakae ukutani Dar es Salaam kwa miezi sita, na baada ya hapo mwenye picha ndiye atakayeamua irudi wapi. Naogopa, mwanangu. Naogopa sauti ya Lugano atakapokuwa anayarudia maneno hayo, yeye aliyesema kaka yake kaoa mikono. Ndoa yangu bado ni changa, na naipenda mpaka inaniuma kifuani. Naogopa mzee atasema hapana, maana zawadi ya bibi harusi hairudishwi, na pia kwa sababu anaipenda. Yeye ndiye mtu wa kwanza, baada yako, aliyelitazama lile ua kweli. Nataka ujue hilo hata ukiwa na hasira. Kuna mzee asiyeweza kutembea ambaye kila asubuhi anafungua macho juu ya kazi yako.

Nakuona kule barabarani unakuja, kanga ya bibi yako begani. Unatembea haraka kama kawaida yako. Naifunga barua.

Mwambie yule mama asimpe mtu ukuta wake. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni pake. Nikiwa na picha, utaandika jina lako juu yake mbele ya macho yangu, na sitashika kitambaa chochote mkononi. Nikiwa sina kitu, nitasimama pale pale mbele ya ule ukuta mtupu nimwambie kwa kinywa changu ni nani aliyeuacha mtupu, na kwamba si wewe. Lakini nitakuja, Sekela. Uangalie mlango.

Mama yako